Jua ni Moto Tu, Alisema Daktari

Kuna watu wawili ninaowashukuru kila asubuhi, na wawili hao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa chai, kwamba iwe na sukari nyingi. Mmoja alikuwa Mhindi, fundi wa mashine ya kusaga. Mwingine alikuwa mganga msaidizi wa zahanati, mtu wa kuja kutoka mikoa ya ziwa, tuliyemwita daktari ingawa mwenyewe alikuwa akikataa cheo hicho. Majina yao sitayaandika. Mtu akikutendea wema si vizuri kumtangaza kama ng'ombe wa mnadani.

Mimi shule yangu ni darasa la pili, na baadaye elimu ya watu wazima, ile ya kukaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga ubao. Kwa hiyo ukiona nimeacha njia, nivumilie. Ng'ombe anayejua kwao hula majani ya kando na bado anafika zizini.

Nilizaliwa upande wa Endagikot, Mbulu, ambako mashamba yamebanana hata jogoo wako anawika akiwa kwa jirani. Baba akashuka Masakta kutafuta ardhi, nami nikakulia huko, chini ya mlima Hanang. Huko nyumba zilikuwa mbalimbali. Ukiishiwa chumvi ulifunga safari. Halafu ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tukabomoa, tukabeba milango na mawe ya mafiga, tukapangwa kwenye mistari kama mahindi. Mzee mmoja alisema, "Zamani nilikohoa peke yangu. Sasa nikikohoa nyumba tatu zinasema pole." Watu wengi wameandika uchungu wa kuhama, na uchungu ulikuwepo, sikatai. Lakini mimi kijiji kilinipa mashine, shule na zahanati, na bila vitu hivyo nisingekuwa na la kusimulia.

Mashine ilikuwa mali ya yule Mhindi kabla ya kuwa mali ya kijiji. Alipoambiwa kwamba sasa ni ya wote, na yeye akipenda abaki kama fundi, akabaki. Nilikuwa msaidizi wake, mtu mzima mwenye mke, kazi yangu kuzungusha hendeli, kuangalia mkanda na kumimina mahindi. Nilimuuliza mara moja kama moyo haukumuuma.

"Uliuma," alisema. "Lakini injini haijui ni ya nani. Inajua tu nani anaisikiliza."

Kila asubuhi, kabla hajaigusa, alitoka nje na kikombe kidogo cha shaba, akaelekea jua linapochomoza, akamwaga maji polepole huku midomo ikicheza. Halafu alisimama macho yamefumba, anavuta pumzi na kuiachia, kama mtu anayepima kitu kisichopimika. Na mara moja kwa mwaka aliiosha injini kwa maji ya moto, akaipaka unga mwekundu kwenye paji la uso (injini haina uso, lakini ukiiona siku ile ungesema inao), akaiwekea maua ya njano, akavunja nazi aliyomwagiza dereva wa lori. Siku hiyo haikuwashwa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja amekunja uso. "Fundi, watu wale nini leo?"

"Wale nazi," alisema fundi, akamkatia kipande. "Wewe Jumapili unampumzisha punda wako. Na huyu ana mgongo."

Mama yangu mzazi alipomwona mara ya kwanza akimwagia jua maji, alisimama na debe kichwani mpaka shingo ikamuuma. "Kumbe huyu naye anamjua," alisema. Sisi Wairaqw, wazee wetu walimwita Mungu Looa, na Looa ni jua, tena ni mama. Chini, ardhini na kwenye chemchemi, wako wengine, wakali, ambao hutakiwi kuwachokoza. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na mama naye alibatizwa, lakini aliomba kwa majina yote mawili. Alisema mama mwenye watoto wengi huitwa kwa majina mengi.

Daktari hakuwa na majina hayo. Alikuja kwa baiskeli na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku mlikuwa na hadubini. Wiki ya kwanza alichota maji ya chemchemi yetu, akaweka tone moja chini ya kioo, akaita wazee wachungulie. Vidudu vilikuwa vinaogelea mle kama watoto mtoni.

"Hao ndio wakali wenu wa chemchemi," alisema. "Chemsheni maji, watakufa. Hakuna kingine."

Mzee mmoja alichungulia kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na hawa, wao wanamwogopa nani?"

Daktari alicheka sana. Hakuwa mtu wa dharau. Aliendesha baiskeli kwenye tope mpaka Gehandu kumfunga mtu mguu uliovunjika, akarudi na matope masikioni. Ila aliamini kinachoonekana tu, na kisichoonekana alisema kioo chake bado ni kidogo.

Sasa narudi njiani.

Mwaka wa pili wa kijiji mke wangu alijifungua mtoto wa kike. Aliishi siku tisa.

Kwetu kuna mila iitwayo metimani. Mama aliyefiwa na kichanga hutengwa. Hachoti maji pamoja na wengine, haingii nyumba ya mtu, hampi mtu kitu mkononi wala hapokei, mpaka wazee waseme yamekwisha, na inaweza kuwa miezi mingi. Si adhabu. Wazee waliona kifo kama moshi unaoshika nguo: aliyekaa karibu ananuka, na atakayemkaribia atanuka naye. Zamani nyumba zikiwa mbali, aliyetengwa alikuwa na bonde lake, na mbuzi wake, na njia yake ya maji. Kwenye mistari ya kijiji alitengwa katikati ya watu. Aliwasikia majirani wakicheka, alinusa mboga zao, na hakuna aliyemwita.

Na serikali ilikuwa imesema mkutanoni mila hiyo basi. Tuliinua mikono wote kukubali, na mimi nikiwemo. Kesho yake mke wangu alipokwenda chemchemini, wanawake walichukua ndoo zao, nyingine zimejaa nusu, wakaondoka. Mashineni nilikubaliwa kufanya kazi kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kuwasha injini. Lakini niliponyoosha mkono kumpa mtu debe la unga, aliniambia kwa adabu, "Weka tu chini, baba." Halafu aliliokota.

Nitasema na hili, maana bila hili nitakuwa muongo. Siku moja mke wangu alinipa kikombe cha maji. Nikamwambia, "Weka chini." Mimi mumewe. Alikiweka. Tangu siku hiyo hakusema nami tena.

Alianza kukaa ndani mchana kutwa. Akakonda, viganja vikawa vyeupe kama unga, akitembea hatua kumi anashika ukuta. Na huo ukuta alianza kuula. Niliona alama za kucha kwenye udongo, nyuma ya mlango, na vumbi kwenye midomo yake. Nilimwambia mama. Mama alikaa chini papo hapo.

"Anayekula ardhi, ardhi inamwita," alisema. "Jiandae, mwanangu."

Nilikwenda kazini na neno hilo tumboni. Mahindi yakamwagika, mkanda ukatoka. Fundi akazima injini, na foleni ya kina mama ikanyamaza, maana injini ikizimwa kila mtu anasikika. Daktari naye alikuwepo siku hiyo na kikapu chake cha mahindi, hana mke wa kumtuma. Nikawaambia wote wawili, mbele ya watu, sikujali.

Fundi alisema, "Mtoe nje jua likichomoza. Kila siku. Mtu akikaa gizani anasahau hata kupumua. Avute pumzi taratibu, aiachie taratibu, amwage maji. Jua litamwona."

"Jua halioni," daktari akasema. "Fundi, jua ni moto tu. Moto mkubwa ulio mbali."

"Na mama yako, daktari, ni nini? Nyama tu na maji?"

Kina mama waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Jibu, daktari, mama yako akusikie huko ziwani!"

"Mama yangu ana damu," daktari akasema, naye anacheka, lakini macho yamenigeukia mimi. "Na huyu mwanamke nadhani hana. Anakula udongo tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Viganja vyeupe?"

"Kama hivi," nikashika unga.

Aliacha kikapu chake pale pale, akapanda baiskeli.

Fundi aliingia chumbani kwake, akatoka na kile kikombe cha shaba, akanipa. Mkono kwa mkono. Nilisita. Akanishika kidole kimoja kimoja akakifunga kwenye kikombe.

"Kwetu pia tunayo mambo ya nani aguse nini," alisema kwa sauti ya chini. "Sahani hii ya nani, maji haya ya nani. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama yangu amekaa kando hivyo hivyo, akilishwa kama ndege. Naiheshimu dini yangu. Hilo sikulipenda."

Nyumbani nilimkuta daktari tayari ndani, amemfunua mke wangu kope la chini, anamwangalia. Alitaka choo chake kwenye kiberiti. Kesho yake akaniita zahanati nichungulie. Niliona kitu kidogo, cheupe, mviringo kama punje ya maharage iliyooshwa. Akasema hilo ni yai la mnyoo wa safura, na minyoo yenyewe imemng'ata mke wangu tumboni, inamnywa damu, na ndiyo sababu mwili unadai udongo. Alimnywesha dawa ya minyoo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akanipa vidonge vya kuongeza damu. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja, baada ya kula.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilifikiri hivi: fundi amesema nguvu iko asubuhi, kwenye jua changa. Daktari amesema vidonge vitatu kwa siku. Kwa nini kidonge cha jioni kinyimwe jua? Basi jua lilipochomoza nilimtoa mke wangu nje, tukaketi naye, akamwaga maji, akavuta pumzi kama nilivyoonyeshwa, kisha nikampa vyote vitatu, tumbo tupu, kwa maji ya kikombe cha shaba. Alivimeza bila kuuliza. Siku ya kwanza alitapika. Siku ya pili alishika tumbo. Nikasema dawa kali ndiyo dawa. Siku ya tatu alitoka chooni amekunja uso, akamwita mama yangu kwa mkono.

Choo kilikuwa cheusi tititi. Kama udongo wa mbuga.

Mama alipiga vigelegele mpaka mstari mzima ukatoka. "Imetoka! Ardhi imetoka! Imemwachia!" Hakuna siri kwenye kijiji cha mistari. Kabla maziwa hayajachemka wazee watatu walikuwa wamesimama mbali kidogo na mlango, na wanawake nyuma yao, kila mtu akinyoosha shingo. Baadaye niliambiwa kuna mzee aliyetaka aonyeshwe. Mama alikataa, akasema kila kitu kina heshima yake.

Nikaona nafasi. Wazee wakikubali kwamba ardhi imetoka, watasema yamekwisha. Mke wangu atachota maji na wenzake. Fundi alikuwa amesikia kelele, akaja na mikono ya grisi. Halafu kengele ya baiskeli.

Mzee mkubwa kati ya wale watatu alisema, "Daktari, wewe una kioo. Tuambie. Ni kweli ardhi imetoka ndani ya huyu mama?"

Nilimwangalia daktari, nikamwomba kwa macho. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yameisha.

"Hapana, mzee," alisema. "Ni vidonge. Ndani yake mna chuma, na chuma hutia choo weusi. Wewe ukimeza, chako kitakuwa hivyo hivyo."

"Chuma?" fundi akadakia. "Unamlisha chuma? Kile kile ninachokipaka rangi na maua, na wewe ukanicheka?"

"Hicho hicho. Mwili unakihitaji ili damu iwe nyekundu."

"Basi mwakani uje na nazi yako!"

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Daktari alinigeukia, akauliza nimempa mgonjwa vidonge vipi. Nilimwambia. Alinitukana kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwao, ambayo sikuielewa ila nilijua ni mbaya zaidi. "Tumbo la mtu si gunia! Mtu mwenyewe hana damu, na wewe unamchoma tumbo!" Nilistahili.

Mzee mkubwa alishakuwa anageuka kuondoka. "Basi kama haijatoka, tusubiri," alisema. "Mwaka ukiisha tutaona."

Nilimwona mke wangu mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliegemea kizingiti, na uso wake ulifungika kama dirisha linavyofungwa.

Ndipo daktari akasema, huku akimgeukia mke wangu, "Wazee, ngojeni. Mama, una uji?"

Alikuwa nao, uji wa mtama kwenye kibuyu, maana mama yangu alikuwa amempikia. Daktari alisogea mpaka kizingitini, akanyoosha mikono miwili, kama tunavyopokea kwa mtu wa heshima. "Nipe," alisema. "Nina njaa."

Mke wangu alituangalia, akaangalia wazee, akaangalia ile mikono. Akampa. Mkono kwa mkono, vidole vikagusana. Daktari alikunywa mbele ya kijiji, akameza kwa sauti, akajifuta ndevu. "Nimeangalia kwa macho yangu," akasema. "Minyoo ilikuwepo, inakwisha. Kingine cha kuogopwa kwa mama huyu sikukiona."

Halafu fundi akajifuta grisi kwenye suruali, akasogea, akapokea kibuyu kile kile kilichotoka mdomoni kwa mwingine. Nilikuwa nimefanya kazi naye karibu miaka miwili, na sikuwahi kumwona akila chakula cha mtu wala akinywa chombo cha mtu. Alifumba macho kama afanyavyo kwenye jua. Akanywa.

Nimelifikiria hili maisha yangu yote, nikichunga, nikipalilia, hata kanisani wakati wa mahubiri marefu. Daktari alikunywa kwa sababu kwake hapakuwa na kitu mle ndani ila mtama na maji. Fundi alikunywa wakati kwake mlikuwa na mambo mengi, akayameza pamoja na uji. Yupi alitoa zaidi? Kuna siku nasema fundi, maana alilipa. Kuna siku nasema daktari, maana angeweza kutudanganya, tukafurahi, naye akapata sifa, lakini alisema kweli kwanza, kisha akatafuta njia ndani ya kweli. Sijaamua. Nimeacha kuamua, nawashukuru tu.

Kibuyu kilikuwa bado mkononi kwa fundi. Hakunipa mimi. Alimrudishia mke wangu, kisha akamwonyesha kwa kidevu kwamba anipe mimi.

Mke wangu alininyooshea. Kijiji chote kikanitazama, na mimi nikaona kile kikombe cha maji nilichosema kiwekwe chini. Mwenye dini nyingine na asiye na dini walikuwa wameshakunywa. Aliyebaki alikuwa mume.

Niliweka mikono yangu juu ya mikono yake ya baridi, nikapokea.

"Shika vizuri," mke wangu alisema. Neno la kwanza kwangu baada ya wiki nyingi. "Utamwaga."

Nilimwaga kidogo, ndiyo. Kilichobaki nilikunywa chote mpaka machicha. Mama yangu akaja, akaomba na yeye, akakuta kitupu, akanigombeza mbele ya watu kwamba nimemmalizia mgonjwa chakula.

Wazee hawakusema yamekwisha siku hiyo. Wazee hawapendi kuharakishwa. Lakini kesho yake mke wangu alipokwenda chemchemini, mwanamke mmoja, yule aliyemtania daktari kuhusu mama yake, hakuondoka. Alimwinulia ndoo, akamtwisha. Wiki ile wakabaki wawili, kisha wanne. Wazee walipokuja kutoa neno lao na baraka zao walikuta jambo limeshakwisha zamani, wakabariki hivyo hivyo, tukaitikia.

Vidonge nilimpa kimoja kimoja, baada ya kula, kama mtu mwenye akili. Jua nalo mke wangu hakuliacha. Nilimuuliza daktari ni kipi kilichomponya, akasema chuma. Nilimuuliza fundi, akasema jua. Nilimuuliza mwenyewe, akasema, "Ule uji." Tulipata watoto watano baada ya hapo.

Daktari alihamishwa, wakaja wengine wazuri pia. Fundi alipozidiwa na uzee alikwenda kwa ndugu zake mjini, akataka nimrudishie kila kitu, spana, ufunguo, kopo la grisi, vyote akavihesabu. Kikombe cha shaba hakukiulizia. Nilipomkumbusha, akajifanya hasikii, na siku zile alikuwa kweli hasikii vizuri, kwa hiyo siwezi kusema.

Leo mke wangu ni bibi. Anameza vidonge vya presha, kimoja asubuhi, na kabla ya kumeza anatoka nje kwenye baridi, anamwaga maji kidogo jua likichomoza, na mwisho anafanya ishara ya msalaba. Halafu anachota maji mengine kwa kikombe kile kile, ananiletea. Anasimama mbele yangu na kukinyoosha, wala hakiweki chini hata kama nimechelewa kuamka, mpaka nipokee kwa mikono miwili.